Barua za Wasomaji: Simba na Yanga Moyoni na Nyumbani

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa wanazi, yaani mashabiki sugu, wa Simba na Yanga, klabu mbili za mpira za Dar es Salaam, watani wa jadi, au kwa wanaoishi nao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza namna ya kuacha ushabiki. Wanauliza namna ya kuishi na kitu ambacho hakiondoki, na sisi tunaona ndilo swali lenye maana. Timu aliyoishika mtu akiwa na miaka saba bado anayo akifika sitini. Kinachopangika ni mwili, pesa na nyumba.

Nina miaka 61, mwanachama wa Yanga tangu ujana, na nina presha kwa muda mrefu. Daktari amesema niwe mwangalifu na mechi za Simba. Wanangu wanataka nisikanyage kabisa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hivi mpira unaweza kuua kweli? (Mzee wa Tandika, Dar es Salaam)

Shikamoo mzee wetu. Mechi inaweza kuamsha tatizo ambalo tayari limo mwilini, na hilo limepimwa. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa mji wa Munich, Ujerumani, walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, idadi ilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Saa mbili za kwanza tangu mpira kuanza ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu mwanzo ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo daktari wako hakutishi bure.

Lakini si mpira peke yake unaoleta balaa. Siku ya dabi, mechi ya Simba na Yanga, mnazi huwa ameshajiumiza kabla ya kipenga. Mechi ni saa 11 jioni, yeye amefika getini saa 3 asubuhi. Usiku hakulala. Amekaa juani, maji hajanywa kwa kuogopa foleni ya choo, amekula chipsi zenye chumvi na mishkaki, sigara mbili tatu, na kidonge cha presha amekiacha nyumbani. Kosa tunaloliona mara nyingi ni hilo la kidonge, hasa kile cha kukojosha: watu wanakiruka makusudi ili wasihangaike na choo uwanjani. Ukikiruka, presha inaanza kupanda asubuhi, na goli la dakika ya 89 linaikuta iko juu tayari. Muulize daktari wako mapema kama saa ya kukimeza inaweza kusogezwa siku hiyo. Kukiacha usikiache.

Wiki ya mechi, pima presha siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni. Kaa kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, uandike zote. Ikiwa vipimo vinarudi 160 kwa 100 au zaidi, nenda kwa daktari na karatasi yako kabla ya kununua tiketi. Mashine ikisoma 180 kwa 120, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki hapo, mpigie daktari siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya. Ikiwa pamoja na namba hizo kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo unapinda au mkono unakosa nguvu, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Ukiruhusiwa kwenda, fika saa moja au mbili kabla ya mechi, si asubuhi. Chukua kiti cha pembeni ya njia, karibu na ngazi na choo. Kunywa maji kidogo kidogo, kama nusu lita kila saa mbili, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango. Ndizi mbili za kuiva zinatosha kukufikisha jioni. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Mfuko wa shati uwe na karatasi yenye jina lako, ugonjwa wako, dawa na kipimo chake, na namba ya mtoto wako. Kaa na mtu anayejua karatasi hiyo iko wapi. Kutoka, ama ondoka dakika ya 80, ama subiri nusu saa baada ya filimbi ya mwisho. Msukumano wa getini nao ni kazi nzito kwa moyo. Na kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi likatoka, usisubiri mapumziko. Mwambie jirani yako, nendeni kwa watu wa huduma ya kwanza. Usiendeshe gari mwenyewe.

Kwa wanao tunasema hivi: kumfungia mzee nyumbani si salama kama mnavyodhani. Atajifungia chumbani na redio, peke yake, na akianguka hakuna atakayejua. Afadhali aangalie sebuleni na watu. Na kama presha haijakaa sawa, kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijaribu: aambiwe matokeo kwanza, kisha aangalie marudio. Atayaona magoli yote, ila mshituko wa kutojua mwisho utakuwa umeondoka.

Simba ikifungwa, mume wangu hanisemeshi siku mbili. Zile goli tano za Yanga za Novemba 2023, hakula hadi kesho yake usiku. Nikimwambia "ni mpira tu" anakuwa mkali zaidi. Nifanye nini? (Mama watatu, Tabata)

Pole dada. Anza kwa kuacha hilo neno "ni mpira tu". Kwako ni la kufariji, yeye anasikia unamwambia huzuni yake ni ya kitoto. Sikiliza anavyoongea: hasemi "wamefungwa", anasema "tumefungwa". Watafiti wa Marekani waliona kinyume chake kwa wanafunzi wa vyuo katika miaka ya 1970: timu ikishinda wengi walisema "tumeshinda", ikipoteza wakasema "wamefungwa". Shabiki wa juu juu anajitoa siku ya kichapo. Mnazi hana mlango huo, anabaki ndani na kichapo chake.

Zile 5-1 zilikuwa Jumapili. Kinachouma zaidi mara nyingi ni Jumatatu: daladala, kazini, magrupu ya WhatsApp, kila mmoja ananyoosha vidole vitano. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya mechi, mpe chakula na umwache na ukimya wake. Usimsambazie kichekesho chochote, hata kama kinachekesha kweli. Mshauri azime sauti ya magrupu mpaka asubuhi, maana anayelala na simu mkononi anafungwa upya kila dakika tano. Pombe usiku huo inarefusha hasira na kuvuruga usingizi.

Mazungumzo ya maana fanyeni siku timu yake imeshinda, si siku imefungwa. Mkubaliane kikomo: kwa mfano kimya kinaishia chakula cha jioni cha siku inayofuata, na tangu dakika ya kwanza watoto hawaguswi na hawafokewi. Na wewe upande wako, bandika ratiba ya ligi jikoni. Suala la ada ya shule au kikao cha ukoo lisiangukie saa mbili baada ya dabi. Hiyo ni mipango ya nyumba kama ilivyo mipango mingine.

Kuna mpaka mmoja hatuuchezei. Utafiti wa Marekani kuhusu ligi yao ya mpira wa miguu wa Kimarekani uliona kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikipoteza, taarifa za polisi za wanaume kupiga wenza wao zinapanda kwa takriban asilimia 10. Hasira hiyo inajulikana, na haihalalishi chochote. Akikuinulia mkono, au akivunja vitu kukutisha, barua ya magazeti haitoshi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, hata kama kesho yake ameomba radhi. Mtoto akiguswa, namba ya bure ni 116.

Nimechoshwa na uongozi wa klabu yangu, nataka kuhamia kwa watani. Ni usaliti? (Msomaji, Morogoro)

Sheria ya kukuzuia haipo. Lakini pima kwanza kinachokukera ni timu au ni watu wanaoiongoza. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro ndani ya Yanga ulizaa klabu nyingine kabisa, Pan African, na klabu hiyo ikabeba ubingwa wa Bara mwaka 1982. Waliotoka hawakwenda Msimbazi, kwa Simba, walianzisha ya kwao. Kama una kadi ya uanachama iliyolipiwa, hasira yako ina mahali pa kwenda: tawi lako, kisha mkutano mkuu. Ukihamia kwa watani, tunavyowajua wanazi, ndani ya msimu mmoja utajikuta unaangalia matokeo ya kule ulikotoka kwanza.

Baba yangu ana miaka 79, Yanga damu. Ana ugonjwa wa kusahau. Jina langu linampotea, lakini juzi alitaja wachezaji wa zamani mmoja baada ya mwingine. Naweza kutumia hilo kumsaidia? (Binti, Mwanza)

Unaweza, na barua yako ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote. Mambo mtu aliyoyaishi kati ya miaka 10 na 30 hukaa kwenye kumbukumbu kuliko ya jana, na kwa mnazi mpira umejaa humo. Scotland wana mpango wa aina hii tangu 2009: wazee wenye ugonjwa wa kusahau hukaa pamoja na picha za wachezaji wa zamani, wakaongea. Hautibu ugonjwa. Unampa mzee nusu saa ya kuwa mtu anayejua kuliko wote chumbani.

Tafuta picha sita hadi nane, si zaidi, za miaka ya ujana wake. Kwa umri wake, ni miaka ya 1960 na 1970. Zichapishe kubwa, picha moja kwa karatasi moja, na nyuma andika majina kwa ajili yako wewe. Tafuta Sunday Manara "Computer", Kitwana Manara, Maulid Dilunga, Gibson Sembuli. Weka na mmoja wa upande wa pili, Abdallah Kibadeni kwa mfano, maana mtani huamsha ulimi haraka kuliko rafiki. Ongeza kitu cha kushika: mpira halisi mapajani, kitambaa cha kijani na njano. Mikono mara nyingi inakumbuka kabla ya mdomo.

Wewe uko Mwanza, na una bahati ambayo wa Dar hawana: uwanja wa Nyamagana. Agosti 10, 1974 Yanga na Simba zilicheza hapo mechi ya ubingwa. Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema. Yanga wakaikimbiza mechi nzima mpaka dakika za mwisho Sembuli akasawazisha, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. 2-1. Msimulie baba yako polepole, sentensi moja moja, kisha nyamaza. Kama miguu yake bado ina nguvu, mpeleke asubuhi moja tulivu akae aone uwanja wenyewe.

Fanya asubuhi baada ya chai, dakika 20 hadi 40, watu wawili tu pamoja naye, televisheni imezimwa. Onyesha picha moja, iondoe, ndipo uonyeshe nyingine. Usimuulize "unamkumbuka huyu?", kwa sababu huo ni mtihani na akishindwa anajifunga. Sema wewe: "Huyu ni Manara, walimwita Computer," kisha mpe hata dakika nzima ya kimya. Majibu huja yamechelewa.

Yanayoharibu ni haya. La kwanza, kusahihisha: akisema zilikuwa tatu kwa moja, ziwe tatu. La pili, kumwambia kwamba fulani alishafariki. Kwake ni msiba mpya kila ukisema, na kesho atauliza tena. Akiuliza Sembuli yuko wapi, muulize alikuwa anapigaje mpira. La tatu, kumkalisha mbele ya dabi ya leo: kelele, sura asizozijua, picha zinazobadilika kila sekunde. Na baada ya saa 11 jioni usianze kabisa, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina hii huchanganyikiwa zaidi jua likizama, na anaweza kuvaa viatu akidai anachelewa uwanjani.

Andika anachosema kwenye daftari, pamoja na picha iliyomfungua. Baada ya wiki chache utajua picha zipi ni zake.

Mimi Simba, mke wangu Yanga, mtoto ana miaka sita. Kila mmoja anavuta kwake. (Baba, Mbezi)

Mtoto hachagui timu kwa kombe, anachagua kwa kampani. Anayekaa naye, anayemnunulia karanga, anayemweleza kwa nini watu wamesimama, huyo ndiye atakayempata. Kwa hiyo njia ya haki ni kila mzazi ampeleke kwa zamu, na jezi isinunuliwe mpaka mtoto mwenyewe aombe. Jezi ya kulazimishwa akiwa na miaka minne tumeona ikitupwa akifika kumi.

Mechi ya kwanza isiwe dabi. Chagua mechi ya kawaida ya ligi kwenye uwanja mdogo, KMC Mwenge au Azam Complex Chamazi, ambako anaona wachezaji kwa karibu na choo si mbali. Kaa mbali na matarumbeta na vuvuzela: karibu na sikio vuvuzela hupita desibeli 110, na sikio la mtoto haliwezi kuvumilia hilo hata dakika chache. Mvalishe vizibo vya masikio. Andika namba yako ya simu kwenye kifundo cha mkono wake kwa kalamu ya wino usiofutika haraka. Wa miaka sita anastahimili dakika 45 hadi saa moja. Akianza kulalamika, ondokeni mapumziko, bila kumlaumu, ili akumbuke siku nzuri.

Utani nyumbani uendelee, ni urithi, ila umguse mzazi na usimguse mtoto mpaka awe na uwezo wa kujibu. Na akilia kwa kufungwa, mwonyesheni kwamba kila upande una yake: Simba ilimfunga Yanga 5-0 Mei 2012, Yanga akalipa 5-1 Novemba 2023. Oktoba 2013 Yanga alikwenda mapumziko akiongoza 3-0 na mechi ikaisha 3-3. Mtoto akilisikia hilo la 2013 anafuta machozi upesi.

Nabeti kila mechi ya timu yangu, kama sehemu ya kuiunga mkono. Mbona nazidi kupungukiwa? (Kijana, Arusha)

Kwa sababu unaweka pesa kwa moyo, na kampuni inapanga bei kwa hesabu. Tuseme timu yako imepewa bei ya 1.40, yaani ikishinda unalipwa mara 1.4 ya ulichoweka. Bei hiyo inakulipa tu kama timu inashinda zaidi ya mara 71 kati ya 100. Wewe mnazi unaona kama 90. Tuseme ukweli ni 65: kwa kila shilingi 10,000 unarudishiwa wastani wa 9,100. Kila mechi unaacha 900. Mkeka, yaani kubeti timu kadhaa kwa pamoja, ni mbaya zaidi. Timu tano, kila moja ina nafasi 70 kati ya 100, zote kushinda kwa pamoja ni kama 17 kati ya 100. Wengi hudhani ni zaidi ya nusu.

Kuna hasara nyingine. Ukibeti timu yako, ikifungwa unaumia mara mbili, na mechi ikiwa sare unaanza kuwachukia wachezaji uliokuwa unawapenda. Ushauri wetu ni wa moja kwa moja: usibeti timu yako, wala usibeti dhidi yake. Hesabu ulichobeti mwezi uliopita kwenye taarifa ya miamala ya simu, usikadirie kichwani. Kiasi hicho kigawe: ada ya uanachama, jezi orijino moja, viingilio vya mzunguko. Hiyo ndiyo pesa inayofika klabuni. Kama umeshakopa ili kubeti au unaficha miamala kwa mwenzako, futa programu leo na umpe mtu unayemwamini simu yako aweke namba mpya ya siri ya akaunti ya akiba.

Marehemu baba aliniachia jezi yake ya zamani ya Simba. Imeanza kubanduka namba. Niitunzeje? (Msomaji, Tanga)

Usiifue tena kwa mashine wala kwa maji ya moto. Igeuze ndani nje, iloweke dakika kumi kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo ya maji, iminye bila kusugua namba, suuza mara mbili. Jiki isikaribie, inakula nyekundu na kugeuza nyeupe kuwa njano. Usiikamue kwa kuinyonga: ikunje ndani ya taulo kavu, ukandamize. Anika kivulini, imelala. Pasi isipite juu ya namba, na gundi ya dukani usipake, kwa sababu inakauka ngumu na kupasua kilichobaki. Ikikauka kabisa, weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi mbele ya namba ili isigandane na kitambaa, izungushe badala ya kuikunja, uifunge kwenye kanga safi ya pamba. Mfuko wa nailoni usitumie. Kwa hali ya hewa ya Tanga unyevu utabaki ndani na ukungu utaingia kabla ya masika kwisha, kwa hiyo itoe ipate hewa kila baada ya miezi miwili.